Umeamua udaktari ukiwa umechelewa: urisiti PCB, upitie diploma ya Clinical Medicine (utabibu), au uende nje?

Mimi nafundisha Kemia watahiniwa wa kujitegemea, na wengi wanaonijia si watu waliofeli. Ni watu waliofaulu vizuri tu ila walifaulu vitu vingine. Kuna wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) aliyeikimbia Fizikia akiwa na miaka kumi na saba, kuna wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) aliyekuwa anaelekea uinjinia, kuna dada wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) yuko kaunta ya benki, kuna baba ana digrii ya uhasibu na watoto wawili. Wote wanauliza kitu kimoja, nataka niwe daktari, nianzie wapi?

Na mtaani majibu yapo matatu. "Risiti tu," yaani rudi ukae mtihani wa kidato cha sita kwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). "Piga diploma ya afya kwanza." "Tafuta ajenti uende China." Kila mtu anakupa njia aliyopita yeye au aliyopita shemeji yake, hakuna anayekuuliza cheti chako kina nini. Zote tatu ni njia za kweli na zote zimetoa madaktari wapo wodini leo, ila hazimfai mtu mmoja. Naomba niziweke pembeni kwa pembeni, kwa vigezo vile vile, afu mwishoni tuangalie wewe uko upande gani. Naongelea Tanzania bara, wenzetu wa Kenya mambo yenu yanapita kwenye taasisi zenu za KUCCPS na KMTC na mitaala ni mingine, so namba za hapa msizibebe kama zilivyo.

Tunapimia nini

Cheti kwanza. Toa cheti cha kidato cha nne na cha sita, viweke mezani, tafuta mashimo. Miongozo ya udahili ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya miaka ya karibuni kwa MD (digrii ya udaktari) inataka principal pass tatu (ufaulu kamili wa kidato cha sita, E kwenda juu) za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6, na kila somo lisiwe chini ya D. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Maana yake D tatu ndo 6 kamili, na E moja tu inakufungia mlango hata kama hayo mengine mawili umepata A. Halafu D ya kidato cha sita inaanzia maksi 50, sio ile ya kidato cha nne inayoanzia 30, wengi wanachanganya hapo.

Pili ni muda, na muda hesabu mpaka siku unasajiliwa kuwa daktari, usihesabu mpaka siku unaingia chuo. MD ni miaka mitano, juu yake mwaka mmoja wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Hiyo sita haipungui kwa njia yoyote kati ya hizi, kinachobadilika ni miaka unayotumia kufika mlangoni.

Tatu ni hela, na zaidi ya kiasi uliza nani analipa. Vigezo vya bodi ya mikopo HESLB miaka ya karibuni vimekuwa vinataka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano, na mkopo wa digrii umewekwa kwa anayesoma digrii yake ya kwanza. Kwa mtu aliyeamua akiwa amechelewa mistari hii ndo inaamua mambo mengi kuliko hata maksi, isome kabla ya kitu kingine.

Nne ni ugumu wa masomo na ushindani. Na ya tano ndo mimi naipa uzito mkubwa kuliko zote: ukikwama katikati, utakuwa umeshika nini mkononi? Mtu wa miaka kumi na nane akikwama ana muda wa kuanza kitu kingine. Wewe una miaka 27, una mama anakutegemea, swali hili huwezi kuliruka.

Njia ya kwanza: kurisiti PCB kama mtahiniwa wa kujitegemea

*Cheti.* Kukaa mtihani wa kidato cha sita kwa kujitegemea unahitaji credit tatu za kidato cha nne, yaani C tatu kwenda juu. Kazi yako inategemea shimo lako. Wa CBG anadaiwa Fizikia. Wa PCM anadaiwa Baiolojia. Wa HGL, au wa michepuo mingine ya sanaa na biashara kama HKL na ECA, anadaiwa yote matatu. Na kuna kundi ambalo linaumia kimya kimya, wale walioacha Fizikia na Kemia walipoingia kidato cha tatu, hao cheti chao cha kidato cha nne hayo masomo hayapo kabisa, so inabidi waanzie mtihani wa Novemba wa kidato cha nne, wasubiri matokeo, ndipo waongelee habari ya kidato cha sita.

Kama unaongeza somo moja juu ya cheti cha zamani, kuna kitu ukifanye kabla hujalipa hata shilingi. Andikia ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, waulize kama wanapokea matokeo ya mitihani ya miaka miwili tofauti, na jibu liwe la maandishi. Usiridhike na neno la kaka wa steshenari anayejazia watu maombi, yeye analipwa kwa kujaza fomu, mwaka wako ukipotea yeye hapotezi kitu.

*Muda.* Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafanyika mwaka uliotangulia, kupitia vituo vya watahiniwa wa kujitegemea, vile ambavyo namba zake zinaanza na P. Ukishtuka Januari ukasema nakaa Mei hii, umeshachelewa. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la vyuo linafunguliwa hapo hapo, masomo yanaanza kwenye Oktoba au Novemba. Kwa mtu wa somo moja aliyejipanga mapema ni mwaka mmoja na kidogo, jumla kama saba mpaka awe daktari. Kwa aliyesoma sanaa mimi namwambia ukweli, panga miaka miwili ya maandalizi, mada za kidato cha tano na sita za sayansi ni nyingi mno na kuzimeza kwa miezi nane huku uko kazini, wanaoweza ni wachache.

*Hela.* Kufika mlangoni hii ndo nafuu kuliko zote. Ada ya mtihani, twisheni, vitabu, na hela ya praktiko. Unaweza kufanya ukiwa bado unafanya kazi. Gharama kubwa inakuja baadaye kwenye MD yenyewe, ambapo ada ya chuo binafsi inaweza kuwa mara tatu ya chuo cha serikali au zaidi.

*Masomo na ushindani.* Hapa naomba nikae kidogo maana ndo uwanja wangu. Kinachowaangusha watahiniwa wa kujitegemea mara nyingi si nadharia, ni karatasi ya tatu. Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina praktiko, na mtu anajiandaa mwaka mzima kwa pasipepa (mitihani ya miaka iliyopita) na video za kwenye simu bila kuingia maabara. Chukua titresheni ya potasiamu pamanganeti na asidi ya oksaliki. Unaipasha asidi moto mpaka karibu nyuzi 70, unaanza kudondosha pamanganeti ya zambarau, na tone la kwanza linakaa pale pale na rangi yake, haipotei. Ambaye hajazoea bureti (ule mrija wa kudondoshea) anashtuka, anaona ameshapitiliza, anamwaga anaanza upya, dakika zinaenda. Aliyezoea anatikisa chupa anasubiri, coz anajua mmenyuko unaanza taratibu na ayoni za manganizi zikishazaliwa ndo zenyewe zinauharakisha, baada ya hapo kila tone likigusa tu rangi inapotea, mpaka anasimama kwenye pinki hafifu inayobaki. Kule kusubiri hakuna pasipepa itakufundisha, mkono unajifunza maabara. Kwahiyo ukitafuta kituo cha twisheni usiulize tu walimu ni wazuri kiasi gani, uliza maabara iko wapi, tunaingia lini, na kwenye meza moja tunakaa wangapi.

Ushindani nao usiudharau. Pointi 6 ni sifa ya kuomba, haina maana ya kupata nafasi. Muhimbili, Bugando, KCMC, UDOM, na ile ya Mbeya iliyo chini ya UDSM, wanaoomba ni wengi kuliko viti na wanachukua kuanzia juu kushuka. Ukirisiti, risiti kwa kulenga B na C, usilenge D tatu.

*Ukikwama.* Hapa ndo udhaifu wake. Ukipata E ya Fizikia umebaki na cheti kingine cha kidato cha sita na mwaka umepita. Lakini kama hukuacha kazi, hujapoteza sana, na unaweza kujaribu tena au kugeuka kwenda njia ya pili. Kama uliacha kazi ili urisiti, hilo ni jambo lingine, na kwa mtu mwenye wategemezi sipendi kulishauri.

Inamfaa mwenye shimo moja, mwenye kichwa bado kina joto la darasani, au mwenye kazi inayompa jioni zake.

Njia ya pili: diploma ya Clinical Medicine, kisha MD

*Cheti.* Huku kidato cha sita hakiulizwi. Unaingia kwa cheti cha kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, hata kwa D. Hesabu na Kiingereza zinachukuliwa kama nyongeza. Kwa dada wa HGL ambaye kidato cha nne alipata D D C za sayansi kabla hajahamia sanaa, mlango huu uko wazi leo hii, hahitaji kurisiti chochote.

Lakini sikiliza hapa vizuri tafadhali. Diploma inaweza kukupokea bila Hesabu, MD ikaja kukukataa kwa sababu hiyo hiyo. Miongozo ya TCU kwa mwenye diploma ya Clinical Medicine imekuwa inataka GPA isiyopungua 3.0, yaani wastani wa B, PLUS ufaulu usiopungua D wa kidato cha nne kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mtu anasoma miaka mitatu, anapata GPA ya 4, anaenda kuomba MD anakutana na F yake ya Hesabu ya zamani inamsubiri. Inauma sana kuiona. Kama una F ya Hesabu na una nia ya MD, jisajili Novemba ukae Hesabu peke yake ukiwa mwaka wa kwanza wa diploma, D ya kidato cha nne ni maksi 30, inafikika kwa mtu yeyote atakayekaa na pasipepa kwa miezi mitano kwa bidii.

*Muda.* Miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Ongeza mitano ya MD na mmoja wa intanshipu, ni tisa kama utaunganisha bila kupumzika, na wengi hawaunganishi coz wanafanya kazi kwanza watafute ada. Ni ndefu, hilo halifichiki. Ila angalia na upande wa pili: mwaka wa nne wewe upo kazini unaona wagonjwa, wakati wa njia ya kwanza yupo mwaka wa pili au wa tatu wa MD anakariri mishipa ya fahamu.

*Hela.* Vyuo vya serikali kama vile vya Mtwara, Musoma na Mafinga ni nafuu ila nafasi zinagombaniwa. Vya binafsi ada ni kuanzia milioni na kupanda kwa mwaka, bado hosteli, sare, bima, mitihani ya taifa na field. Mikopo ya HESLB kwa ngazi ya diploma ilianza 2023/24 na ni kwa fani za kipaumbele tu, so angalia orodha ya mwaka wako kama kozi yako imo kabla hujaipigia bajeti. Kizuri ni kwamba cheti cha diploma kinafungua upya ile hesabu ya miaka mitano ya HESLB, maana wanaangalia ulimaliza lini sifa uliyoombea. Mtu aliyemaliza kidato cha sita zamani sana anapata nafasi mpya ya kuomba mkopo wa MD, alimradi umri haujavuka.

*Masomo na ushindani.* Masomo ni ya vitendo zaidi. Anatomia na fiziolojia zipo, famakolojia ipo, ila mapema sana unaingia wodini na kwenye zahanati, unachukua historia ya mgonjwa, unashika kifua, unajifunza kumtofautisha mtoto mwenye malaria na mwenye nimonia akiwa mapajani kwa mama yake. Kwa mtu aliyeamua udaktari akiwa mkubwa hili ni zuri mno, kwa sababu unajua mapema kama kazi yenyewe unaiweza, damu na usiku na ndugu wanaolia kwenye korido, kabla hujaweka miaka mitano na mamilioni. Na wanaofika MD wakiwa wamepitia huku, miaka ya kliniko hawatetereki. Wanachopata shida nacho ni miaka miwili ya kwanza, biokemia hasa, maana advansi (kidato cha tano na sita) hawakuipita. Ukiwa huku nunua kitabu cha Kemia ya kidato cha tano na sita, soma sehemu ya Kemia ya ogania taratibu, itakuja kukubeba.

Ushindani wa kutoka diploma kwenda MD ni mkali na viti vya kundi hili ni vichache, hasa vyuo vya serikali. GPA ya 3.0 ni ruhusa ya kuomba. Anayetaka nafasi kweli anaanza kuitafuta GPA tangu muhula wa kwanza, hangoji miezi ya mwisho aanze kuomba huruma ya walimu.

*Ukikwama.* Hapa njia hii haina mpinzani. Ukikwama baada ya diploma wewe ni tabibu, una leseni, unahudumia watu. Vituo vingi vya afya vijijini mgonjwa anayeingia asubuhi anayemkuta ni CO (Clinical Officer, yaani tabibu), na anapona. Ajira za serikali zinasubiriwa na mwanzo wengi wanajitolea au wanaanza zahanati binafsi kwa mshahara mdogo, siwezi kukuficha, ila una taaluma. Na wapo wengi walioingia wakisema napita tu naelekea MD, wakafika wakaipenda kazi wakabaki, na hawajapungukiwa kitu.

Inamfaa aliyesoma sanaa mwenye D za sayansi za kidato cha nne, asiye na mtu wa kumlipia miaka sita mfululizo, na yule ambaye bado hajui kama anapenda tiba yenyewe au anapenda jina la daktari.

Njia ya tatu: kusoma nje

*Cheti.* Vyuo vya nje vina masharti yao, vingine vinakupokea hata bila Fizikia ya advansi. Hapo ndo watu wanapoingia mtegoni, kwa sababu kupokelewa kule na kutambuliwa hapa nyumbani ni vitu viwili. Kabla hujaondoka pata TCU ile barua ya kutokuwa na pingamizi, wengi wanaiita NOC, na ukirudi Baraza la Madaktari Tanganyika ndo linaamua kama utasajiliwa. Kama NOC imekataliwa kwa sababu ya sifa zako au ya chuo chenyewe, chukulia hilo kama jibu. Ajenti akikwambia "hiyo tutairekebisha baadaye", chukua vyeti vyako uondoke kwenye hiyo ofisi.

*Muda.* Uganda ni miaka mitano kama kwetu. China inahesabika sita pamoja na mwaka wa mazoezi. Nchi nyingine zinaweka mwaka mzima wa lugha kwanza. Juu ya yote hesabu mwaka wa intanshipu ya nyumbani, na miezi ya kushughulikia vyeti ukirudi.

*Hela.* Hii ndo ghali. Ada kwa dola, nauli, viza, bima, na shilingi ikishuka wewe ndo unaisikia. Skolashipu zipo ila kwa aliyechelewa zina kizuizi cha umri: ile ya serikali ya China kwa digrii ya kwanza imekuwa inataka chini ya miaka 25, ya Uturuki chini ya 21. Mtu wa miaka 28 asijenge ndoto juu yake.

*Masomo na ushindani.* Kuingia ni rahisi zaidi, na hilo si aibu, kuna vijana wazuri wanakosa nafasi hapa kwa sababu viti ni vichache. Unaona hospitali kubwa, vifaa vingi, unazoea kufanya kazi na watu wa kila namna. China madarasa ya wageni ni kwa Kiingereza lakini mgonjwa wodini anaongea Kichina, usipojifunza lugha kwa dhati miaka ya kliniko utakuwa mtazamaji. Uganda iko karibu zaidi kwa kila kitu, magonjwa ni yale yale ya kwetu, hata basi linafika, na Watanzania wapo wengi, hasa Ishaka, kwenye chuo cha KIU (Kampala International University).

*Ukikwama.* Hapa hatari ni kubwa kuliko kwingine. Mwanzoni mwa 2020 mipaka ya China ilifungwa, wanafunzi waliokuwa likizo nyumbani wakasoma kwa intaneti zaidi ya miaka miwili, udaktari kwa laptopu bila wodi. Februari 2022 vita ilipoanza Ukraine wanafunzi wetu walikimbia na mabegi ya mgongoni. Hayo hakuna aliyeyapanga, lakini na ya kawaida yapo, mlipaji anafiwa au biashara inayumba ukiwa mwaka wa tatu, na kuhamisha masomo ya MD katikati si jambo la wiki mbili.

Inamfaa mwenye PCB yenye sifa kamili aliyekosa nafasi, mwenye mlipaji wa uhakika wa kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na mwenye moyo wa kukaa mbali.

Wenye digrii tayari

Nawagusa kidogo maana mnauliza sana. Digrii ya uhasibu au sheria haikupi njia ya mkato ya MD hapa kwetu, hatuna utaratibu kama wa Marekani ambako mtu anamaliza digrii yoyote akiwa amesoma masomo fulani ya sayansi anaomba skuli ya tiba. Bado chuo kitarudi kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia zako. Na mkopo wa kusoma digrii ya kwanza kwa mara ya pili usiutegemee, kama bado unakatwa ile asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo wa HESLB basi panga ukijua utalipa mwenyewe.

Kabla hujaamua lolote

Nenda ukaione kazi. Omba mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe ukajitolee wikiendi kadhaa, hata kupanga mafaili na kuelekeza wagonjwa. Wengine watakukatalia, mmoja atakubali. Kaa pale zamu ya jioni, angalia foleni, angalia uso wa daktari saa mbili usiku. Ukirudi nyumbani bado unaitaka, basi unaitaka kweli.

Sasa wewe uko wapi?

Umemaliza CBG juzi, una C na B zako, Kemia na Baiolojia ziko sawa: kaa Fizikia. Uliza chuo kwanza habari ya vyeti viwili, wakikataa kaa zote tatu, maana mbili tayari unazijua. Mwaka mmoja si kitu.

PCM mwenye hamu ya udaktari: wewe ndo uko karibu kuliko wote, Baiolojia ni kusoma sana na kuchora vizuri, uwezo unao. Ila usiichukulie kama somo la hadithi, mada kama jenetiki na fiziolojia ya mimea zinataka muda.

Ulisoma sanaa na kidato cha nne sayansi zako ni D kwenda juu: kama una miaka chini ya 22 na nyumbani wanaweza kukuhudumia miaka miwili ya maandalizi, kurisiti ni jambo la kujaribu. Kama una zaidi ya hapo au unajitegemea, naegemea diploma, na hakikisha Hesabu na Kiingereza viko salama.

Uliacha Fizikia na Kemia kidato cha tatu: usilipe chuo chochote sasa, mtu akikupokea bila masomo hayo ujue amepokea ada yako tu. Anza na Novemba, kaa Fizikia, Kemia, na Hesabu kama ina F. Matokeo yakitoka ndo ufungue ukurasa huu tena.

Una PCB yenye D tatu na umekosa nafasi mwaka wa kwanza: omba tena raundi zinazofuata za vyuo binafsi kama ada ipo, au risiti somo lako dhaifu. Nje ni kwa wewe pia, kama mlipaji yupo na NOC ipo. Au ingia diploma bila kuona umeshuka.

Una miaka 30 na kitu, kazi na familia: diploma ni ya kutwa kwa hiyo mshahara utasimama, kurisiti hakusimamishi mshahara lakini MD yenyewe itausimamisha miaka mitano. Kaa na mwenzako mezani mpige hesabu ya hiyo miaka mitano kabla ya kupiga hesabu ya ada, nani atalipa kodi ya nyumba, watoto wataenda shule gani. Mkikubaliana, muda wa usajili wa NECTA (baraza la mitihani) ukifika nenda na cheti chako halisi cha kidato cha nne na picha, uulize kituo cha kujitegemea kilicho karibu nawe kama kina maabara.

Maswali ya Kemia niulizeni hapa hapa, nitajibu ninavyopata nafasi.